Sishindwi kwa Amri

Saigō, kisiwani Oki
11 Februari

Mdogo wangu Fumie,

Huku tuko hai. Upepo wa juma lililopita uling'oa bati la banda la Hamasaki ukalitua juu ya kabichi zangu, naye akaja kulidai kwa ukali kana kwamba kabichi ndizo zilizoliiba. Goti la kushoto linaniuma, la kulia linalionea wivu. Marehemu mke wangu nimemwashia uvumba asubuhi nikamwambia umemsalimu. Hukumsalimu, najua, lakini Tsuneko hata alipokuwa hai alikuwa mwepesi wa kununa, sitaki kumjaribu huko aliko. Simu usinipigie. Mimi siisikii, wewe huisikii, tunabaki kuitikiana "eeh? eeh?" kama mbuzi wawili kwenye ua. Andika.

Sasa hilo sanduku lako. Nilipolifungua nilidhani umenitumia jiko la umeme la kupikia wali, la kisasa. Nikaliweka karibu na gunia la mchele. Mama Sugihara wa dukani ndiye aliyeniokoa. "Mzee Iwao, hiyo ni mashine ya gemu. Ukitia mchele humo utapoteza vyote viwili." Akaniunganishia nyaya kwenye televisheni, akanifundisha pedi ya kuchezea inavyoshikwa, akaondoka anacheka mpaka barabarani.

Kumbe huyu ndiye Raita, yule Kunguru wa Chuma wa katuni ya mwanao! Miaka ile mkija likizo, Kazunari wako bado mdogo, hakuwa na neno jingine kinywani: Kunguru wa Chuma amefanya hivi, Kunguru wa Chuma amesema vile. Na katuni yenyewe mpaka leo haijaisha, sasa wanaitazama watoto wa wale watoto. Mimi sikuwahi kuiangalia hata siku moja. Leo nina miaka sabini na tisa na Raita ni mimi. Mtoto wa mhunzi, naruka juu ya mapaa, nawakata maharamia. Nimechelewa, lakini nimefika.

Mwanzoni nilikufa ovyo. Nikitaka kukata naruka, nikitaka kuruka nainama kumsalimia adui, naye ananikata nikiwa bado nimeinama, mtu asiye na adabu. Sasa nimeelewa. Nimemshinda yule mnyang'anyi wa kivukoni, nimemshinda na yule mtawa mnene mwenye nyundo. Kisha nikarudi nikawapa mechi zao za pili.

Najua umekunja uso. Au Osaka imekusahaulisha kwenu? Mwana wa Oki hamwangushi mwenzake kwenye ulingo wa mieleka akamwacha hivyohivyo. Mechi ya kwanza mnashindana kwa nguvu zenu zote. Ya pili, aliyeshinda anamwachia aliyeshindwa, halafu mnakwenda kunywa pamoja bila kinyongo. Basi hii mashine inaruhusu kurudia pambano. Nimerudi kwa mtawa, nimesimama mbele yake mikono chini, nikamwambia, "Haya bwana, yako." Akanitwanga vizuri sana. Sasa hatudaiani.

Wewe umefika wapi?

Kaka yako,
Iwao


Sakai, Osaka
2 Machi

Kaka Iwao,

Nimecheka mpaka jirani yangu akavuta pazia kwa hasira. Mtawa mnene! Kaka, wale si watu. Hawana kinyongo. Ni umeme.

Huku hatujambo. Kazunari amepandishwa cheo, sasa anakwenda kazini mapema zaidi na kurudi akiwa amechelewa zaidi, ndiyo faida ya cheo. Mkewe Rieko anakusalimu. Hakukusalimu, lakini nafuata mtindo wako. Mimi nala vizuri, kila mlo kwa saa yake.

Mashine usinishukuru. Nimenunua mpya, hiyo ilikuwa ya zamani na ingekaa bure kabatini. Mimi nacheza polepole, nikifika mahali nitakwambia.

Unajua, Kazunari alipokuwa akiangalia ile katuni, mimi nilikuwa dirishani na cherehani, nashona sare za shule za watu, mgongo umeelekea televisheni. Niliisikia tu. Miaka yote nazijua sauti zao: Raita, yule bibi mfua vyuma, Jenerali Ubagami anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Sura sikuwa nazo. Siku niliponunua hili gemu, Kazunari keshaoa na kuondoka, nikawasha, nikamwona Raita kwa mara ya kwanza. Nikasema, loo, kumbe ana masikio makubwa namna hii! Nilicheka peke yangu.

Ukifika Daraja la Ishibumi utakutana na Ubagami. Hapo usijisumbue sana.

Mdogo wako,
Fumie


Saigō
20 Machi

Fumie,

Theluji imekwisha, tope limeanza. Mama Sugihara ameniletea kari ya konokono wa bahari, nimeila siku nzima. Tsuneko hajanuna. Hayo yatosha.

Nimefika darajani.

Huyu Ubagami wako ni mtu mbaya. Anakaa juu ya farasi, anavuta pumzi, kweli kama ulivyosema, halafu anasema, "Piga magoti, mwana wa mhunzi!" Nikamjibu, "La kushoto linauma na la kulia halitaki." Tukaanza. Nimemsoma nyendo zake zote. Akiinua bega, anapiga kutoka juu. Akirudi hatua, anakuja na mkuki. Farasi akikohoa, kaa mbali. Hanigusi sasa. Namkata, namkata, mstari wa uhai wake unapungua, unapungua, ukibaki upana wa kucha unakwama hapohapo. Nimemkata mpaka kidole gumba kimeota sugu, kucha ile haiondoki! Na yeye kwa kuwa hanipati ameishiwa maneno, anarudia yaleyale kama mwenyekiti wa mtaa kwenye mkutano.

Habari zimetembea. Sasa kina Hamasaki, wale wazee tuliopigana mieleka pamoja, wanakuja na pombe kukaa nyuma yangu na kunifundisha kazi.

"Mshike mshipi, Iwao!"

"Hana mshipi, mjinga wewe, ana deraya."

"Basi mshike farasi!"

Hamasaki anasema Ubagami anafanana na mkwe wake, hivyo haondoki mpaka amwone chini.

Nimegundua nikisimama nyuma ya nguzo ya taa hanifikii. Hapo naweka pedi chini, nala mchele wangu, naye anaufyeka upepo. Lakini huo si ushindi. Wewe ulimwangushaje? Nijibu upesi, kuna wazee wanalala kwangu.

Iwao


Sakai
9 Mei

Kaka,

Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na shughuli. Hatujambo wote. Maua ya miti yalikuwa mazuri mwaka huu, nimeambiwa.

Ubagami hashindiki. Si wewe tu, hakuna mtu aliyewahi kumshinda pale. Waliolitengeneza gemu wameuzuia uhai wake kwa makusudi. Kwenye katuni Raita anashindwa darajani, anakatwa mkono, anatupwa mtoni. Anaokotwa na bibi mfua vyuma, ndiye anamtengenezea mkono mpya. Asiposhindwa hapati mkono wa chuma. Asipoupata, hakuna Kunguru wa Chuma, hakuna hadithi yote iliyobaki, na watoto wa nchi nzima wangelikosa la kutazama Jumapili.

Basi weka pedi chini ukiwa mbele yake, usijifiche nyuma ya nguzo. Mwache akupige. Itachukua muda mfupi kisha mambo yataendelea yenyewe. Kuna mapigano yameandikwa tushindwe, kaka. Anayeng'ang'ana anajichosha na kuwachosha wengine.

Fumie


Saigō
17 Mei

Fumie,

Leo salamu hamna, utazikuta mwishoni kama utazistahili.

Barua yako inafifia. Kila mstari unaanza mweusi, katikati unakuwa kijivu, mwisho wake nausoma kwa kuupapasa kwa kidole. Mama Sugihara anasema kalamu imekwisha. Mama Sugihara hajawahi kuangukiwa na jiwe mguuni. Mimi nilipoangukiwa kule machimboni nikalazwa mwezi mzima nimefungwa chali kama kasa, nilijaribu kumwandikia Tsuneko, na kalamu ilifanya hivyohivyo, kwa sababu ukiielekeza juu wino haushuki. Mimi shule niliiacha nusu, lakini hilo silihitaji mwalimu.

Wewe unaandika umelala chali.

Nikarudi kwenye ile barua ya Machi. Jirani akavuta pazia. Nyumba za Sakai zina kuta, si mapazia. Unakula kila mlo kwa saa yake, wewe uliyekula umesimama maisha yako yote huku mkono mmoja uko kwenye cherehani. Maua ya miti "umeambiwa" ni mazuri. Na mpaka leo hujanieleza umefika wapi kwenye hiyo mashine mpya yako.

Uko wapi? Una nini? Usiniandikie kwamba hatujambo. Hatujambo ni kina nani?

Kuhusu Ubagami: sitaki. Mtu anishinde kwa nguvu zake, sawa, nitanyanyuka, nitafuta mchanga, nitampa mkono. Lakini niambiwe niweke mikono chini kwa kuwa imeandikwa? Huko kwenye mieleka ya bara, mtu akikutwa amejiangusha kwa mapatano anafukuzwa na magazeti yanamwandika. Mimi sishindwi kwa amri ya katuni.

Salamu hizi hapa chini, chache.

Iwao


Sakai
3 Juni

Kaka Iwao,

Sasa wanaruhusu nikae, kwa hiyo utasoma bila kupapasa.

Nilianguka Januari. Nilikuwa napandisha mafuta ya taa ya hita, unajua nakaa ghorofa ya tatu na jengo letu halina lifti. Nyonga ilivunjika. Wameweka chuma. Niko hospitali ya mazoezi, barua zako naletewa hapa, tunalala wanne chumba kimoja tumetenganishwa na mapazia, na huyo wa dirishani hapendi mtu acheke. Mashine mpya hakuna. Nilikuwa nakujibu kwa kumbukumbu.

Kazunari na Rieko wamekuwa wema sana. Wametafuta nyumba ya wazee huko Saitama, karibu na kwao. Chumba kina kitanda na kabati. Televisheni iko ukumbini, wanatazama wote pamoja, na vitu vya kuunganisha nyaya haviruhusiwi. Nyumba yangu ya kupanga itarudishwa mwisho wa Julai. Rieko alianza kuitoa vitu tangu mwisho wa Januari. Cherehani imechukuliwa na mtu wa vyuma chakavu. Mashine ya gemu ilikuwa kwenye rundo la kutupwa, nikasema hapana, hiyo itumeni kisiwani.

Sikukwambia kwa sababu ungepiga kelele. Sasa piga, sikusikii.

Nimekubali, kaka. Kazunari ana wasiwasi, halali. Karatasi zinangoja muhuri wangu wa jina tu. Nikishakwenda mambo yataendelea yenyewe. Tafadhali usiniandikie kunishawishi.

Fumie


Saigō
10 Juni

Fumie,

Nakuandikia kukushawishi.

Kwanza poleni, wewe na nyonga. Tsuneko nimemweleza, naye amenyamaza, kwa mara ya kwanza nadhani hajanuna bali ameumia. Hamasaki ametuma mwani mkavu, umo humu ndani. Usimgawie huyo wa dirishani.

Sasa sikiliza. Nilikwenda kukaa ulingoni pale hekaluni. Hakuna mechi, ulingo wenyewe umefunikwa turubai, lakini mimi nafikiri vizuri pale. Nikajiuliza huyu mdogo wangu kosa lake ni lipi. Mtu mpole, hana kinyongo na mtu, kila aliyekuja kumshinda alimkaribisha. Ndipo nikaona.

Sisi tunatoa mechi ya pili. Lakini nani anaitoa? Aliyeshinda ya kwanza! Huwezi kutoa kitu ambacho huna. Anayejiangusha mechi ya kwanza hajamheshimu mtu, amemnyima mwenzake mchezo. Na wewe, Fumie, tangu uondoke hapa bandarini na wale wasichana wa kiwandani, hujashinda ya kwanza hata moja. Kiwandani ulikwenda kwa sababu baba alisema. Uliolewa kwa sababu shangazi alisema. Ulishona usiku na mchana kwa sababu mumeo, Mungu amrehemu, alisema mgongo unamuuma, mgongo ambao haukuwahi kumuuma kwenye kamari ya mbio za farasi. Maisha yako yote unatoa mechi za pili. Sasa na nyumba unataka kuitoa. Kazunari hata hajakuvuta mshipi! Amesogea tu, wewe tayari uko chini unafuta mchanga na kumwambia ahsante.

Mimi simsemi vibaya Kazunari. Mtoto mwema. Lakini ni mwema kama wale watu wa hekalu wanaopanga mazishi, kila kitu kwa utaratibu na marehemu haulizwi.

Muhuri usiutoe. Ukae nao chini ya mto. Akija, simama, kama unaweza kusimama, na kama huwezi kaa wima, umwambie hapana, uone ladha yake.

Halafu njoo huku. Chumba cha juu kina jua kutwa. Nimekisafisha, nimewatoa panya, nimebadilisha mikeka. Nimewaambia watu wote unakuja. Mama Sugihara ameshaagiza kitanda kwenye meli.

Ubagami yuko palepale. Jana nimempiga kabla na baada ya chakula.

Kaka yako anayepiga kelele,
Iwao


Saigō
15 Julai

Fumie,

Hujajibu. Mwezi umepita. Kitanda kimefika na meli, kizuri, nimekilalia kukijaribu nikalala mpaka jioni. Watu wananiuliza unakuja lini, nawaambia kesho kutwa. Nimesema kesho kutwa mara nyingi mpaka Hamasaki ananiita hivyo.

Umetia muhuri? Kama umetia niambie, nitakutukana kidogo halafu yataisha. Kimya chako ndicho sikiwezi.

Iwao


Sakai
6 Agosti

Kaka Iwao,

Mwani wa Hamasaki nimeula, na yule wa dirishani nimemgawia, kwa sababu si wewe unayelala naye chumba kimoja. Anaitwa Mama Nakabori. Siku hizi hata anacheka.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Barua yako niliikunja nikaitia chini ya godoro. Nikaitoa. Nikaikunja tena. Nilitaka kukuandikia kwamba wewe ni mzee mpumbavu unayezungumza na taa za televisheni, na kwamba hujui kitu kuhusu kuwa mwanamke wala mama. Nilitafuta jambo moja tu la kukukanusha, mechi moja niliyoshinda. Dada wa mazoezi akinitembeza kwenye zile ngazi zao za mbao, kila ngazi natafuta. Hii? Hapana. Hii? Hapana. Alidhani nalia kwa nyonga.

Basi nilimwomba anisukume kwenye kiti cha magurudumu mpaka ofisi ya nyumba za mji. Karani akaniambia nyumba za chini hazipo, foleni ni ndefu. Nikakaa. Nilikaa palepale mbele ya dirisha lake, watu wananizunguka. Mwishowe akainama akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, ipo moja. Jengo la pili, ghorofa ya chini. Lakini hakuna anayeitaka. Mpangaji alifariki humo peke yake, akakaa siku kadhaa kabla hajaonekana. Lazima niwaambie watu, na nikiwaambia wanakimbia."

Nikamwuliza, "Kodi?"

"Nusu, kwa sababu hiyo."

"Jua linaingia?"

Akanitazama kama mwendawazimu. "Linaingia."

"Andika jina langu."

Kazunari na Rieko walikuja Jumapili ile na karatasi za Saitama. Nilikuwa nimekaa wima, nimechana nywele. Nikawaambia siendi. Kazunari akadhani ni dawa.

"Mama, tulishakubaliana."

"Mlikubaliana. Mimi niliitikia."

Rieko akasoma karatasi ya ile nyumba, akabadilika rangi. "Mama! Mtu alifia humu!"

"Alikufa akatoka. Hakuacha mizigo."

"Na harufu? Na... na roho yake je?"

"Akija nitampikia chai. Inaelekea hakuwa na wa kunywa naye."

Kazunari hakucheka. Akainamisha kichwa, unajua anavyofanya, kama alipokuwa mdogo ameharibu kitu. "Ukianguka tena, Mama? Uko peke yako, nani atajua?"

Hapo nilitaka kukubali. Nakwambia ukweli, mdomo ulishafunguka. Nilimwona alivyochoka, kola ya shati imekunjamana, na kazi hii ya kuwa na wasiwasi ni mimi niliyempa. Nikajisikia nikisema, "Nikianguka, nitakuwa nimeanguka kwangu."

Wakaondoka bila muhuri. Rieko alifunga mlango kwa nguvu, ndiyo mara ya kwanza nimemwona akifanya kitu bila adabu, na nilimpenda kidogo.

Juma lililofuata alirudi Kazunari peke yake, na kengele. Inavaliwa shingoni, ukibonyeza inamlilia yeye simuni popote alipo. Ni mbaya, inanifanya nifanane na ng'ombe. Nimeivaa. Hiyo ndiyo mechi yake ya pili, nimempa kwa moyo mweupe kwa sababu sasa nina cha kutoa. Nahamia tarehe ishirini.

Ukurasa huu wa pili ni wako.

Siji Oki. Nisikilize vizuri, wewe unayependa watu wasikilize. Hukuniuliza. Ulisafisha chumba, ukatoa panya, ukaagiza kitanda, ukawatangazia watu. Una tofauti gani na Kazunari? Yeye walau alikuja na karatasi. Na kile chumba, kaka, hukunisafishia mimi. Tangu Tsuneko aondoke unaongea na jenerali wa katuni mpaka chakula kinapoa. Ukitaka mtu, sema unataka mtu. Usiseme unamwokoa.

Wakati wa sherehe za wafu nitakuja na maua, nikae siku chache, nilale kwenye hicho kitanda kwa kuwa kimeshalipiwa. Si mwaka huu, nyonga haitaki meli. Kisha nitarudi kwangu.

Na mashine yangu nirudishie. Nyumba mpya ina mahali pa kuiunganisha.

Fumie


Saigō
14 Agosti

Mdogo wangu Fumie,

Tuko hai, na waliokufa nao wamekuja, tumewawashia taa jana. Tsuneko nimempa biringani ya sadaka na habari zako zote. Nimesimama mbele ya picha yake nikamsomea barua yako kwa sauti, ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili sikuusoma, miwani ilikuwa chafu. Leo bado ni chafu. Nadhani itaendelea kuwa chafu mpaka mwakani utakapokuja mwenyewe kunisomea, na hata hapo nitajifanya kiziwi.

Mashine inaondoka na meli ya keshokutwa, nimeifunga ndani ya mablanketi mawili. Mama Sugihara alitaka kuizima kwa utaratibu wake, nikamzuia, nikachomoa waya ukutani wakati Ubagami ameinua mkuki. Hajanishinda. Nakutaka ushuhudie hilo: mtu amezimiwa umeme, hajashindwa. Kina Hamasaki wamekasirika, hawana pa kulala. Wameanza kuchangishana wanunue mashine ya chama cha wazee, na Hamasaki tayari anasema yeye ndiye atakuwa Raita. Tutaona. Pedi itakuwa moja na mikono yake inatetemeka.

Uwe mwangalifu na huyo marehemu wa nyumba yako. Mpe chai, lakini usimpe maneno mengi, watu wa aina hiyo wakipata msikilizaji hawaondoki. Mimi najua, maana mimi ni wa aina hiyo.

Kitanda nimekilalia tangu Julai. Ni kizuri kuliko changu. Usiniulize zaidi.

Jambo la mwisho. Jana dukani, watu wamejaa, wageni wa sherehe wametoka bara, wenyeji wote wamo. Yule mke wa Hamasaki, ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ndogo, akaniuliza mbele ya kaunta, "Haya Kesho Kutwa, dada yako anakuja lini? Kitanda kinaoza."

Duka zima likanigeukia. Nikaweka chini samaki wangu. Nikasimama vile tulivyokuwa tukisimama jina linapoitwa ulingoni, kifua mbele, na goti likasahau kuuma.

"Amekataa," nikasema.

Wakaniinamia, masikini, wakaanza kunipa pole. Mama Sugihara akaniongezea samaki mmoja bure kwa huruma. Hawakuelewa, nami sikuwaeleza. Nikawarudia tena kwa sauti kubwa zaidi, ili walio nje nao wasikie:

"Dada yangu amekataa!"

Iwao